Kupanga Japani ya miji mitano bila kukimbizana

Ukitaka kujua kama safari itawachosha watu, hesabu hoteli zilizomo. Japani inashawishi sana kwa hili. Treni zake ni za kasi, kwenye ramani kila mji unaonekana uko jirani na mwenzake, na mtu anajikuta ameandika Tokyo, Hakone, Kyoto, Nara, Osaka, Hiroshima na Sapporo ndani ya siku kumi. Kwenye karatasi inawezekana. Ila kila unapohama hoteli, nusu ya siku imekwenda: kufunga masanduku, kutoka chumbani kabla ya saa nne au saa tano asubuhi, stesheni, treni, kuitafuta hoteli mpya, kisha kuambiwa vyumba hutolewa kuanzia saa tisa alasiri. Safari ya hoteli saba imeshakula siku tatu kabla hujaona hekalu hata moja.

Kwa hiyo mimi sianzi na orodha ya miji. Naanza na usiku: tutalala huko mara ngapi, na wapi. Katika familia yetu mimi ndiye mpangaji wa safari, na naongozana na mama yangu, ambaye magoti yake yana usemi mkubwa kuliko kitabu chochote cha wageni, na binti yangu wa darasa la tano, ambaye njaa yake haifuati ratiba. Hao wawili ndio kipimo changu. Siku ambayo mama hawezi kuimaliza kwa miguu yake mwenyewe siiandiki.

Mfano nitakaoutumia ni usiku 14: Tokyo 5, Kanazawa 2, Kyoto 4, Hiroshima 2, Osaka 1. Nitaeleza kwa nini kila namba ni hiyo, halafu wewe utakata na kuongeza kwa kadiri ya likizo na mfuko wako.

Ingia mlango mmoja, toka mwingine

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Tanzania wala Kenya hadi Japani. Tunapita Doha, Dubai au Addis Ababa, na ukijumlisha saa za kungoja, safari inakula karibu siku nzima. Jambo la kuangalia kabla ya bei ni hili: kutoka Doha na Dubai kuna ndege za Tokyo na kuna ndege za Osaka, uwanja wa Kansai. Basi nunua tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka. Kwenye ukurasa wa kutafuta ndege usichague “kwenda na kurudi”, chagua “miji mingi”. Mara nyingi bei haitofautiani sana, na umejiokoa na safari ya kurudi nyuma hadi Tokyo, ambayo ni karibu yen 14,000 kwa mtu mzima na asubuhi nzima ya likizo.

Watanzania na Wakenya tunahitaji viza kabla ya kuondoka, na ubalozi wa Japani, uwe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, hutaka ratiba ya siku kwa siku pamoja na mahali utakapolala. Wengi huijaza kwa haraka ili tu fomu ikamilike. Mimi naipenda fomu hiyo. Inakulazimisha kuuandika mpango mzima mapema, tarehe kwa tarehe, na hapo ndipo unaona wazi siku ambayo umejipangia mambo manne. Weka nafasi za hoteli zinazoweza kufutwa bila malipo mpaka viza itoke.

Lini

Maua ya sakura huko Tokyo na Kyoto huchanua mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, na majani mekundu ya Kyoto huwa kwenye kilele katikati hadi mwishoni mwa Novemba. Ni majira mazuri mno, na dunia nzima inajua hivyo: vyumba ni ghali na mahekalu yamefurika. Tarehe za kukwepa kabisa ni 29 Aprili hadi 5 Mei, wiki ambayo Wajapani wenyewe husafiri, pia katikati ya Agosti wanaporudi makwao kuwakumbuka waliotangulia, na tangu karibu 29 Desemba hadi 3 Januari, ambapo makumbusho mengi hufungwa na treni hujaa. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua.

Kwa mzazi mwenye mtoto shuleni, mimi nasema nenda mwanzoni mwa Desemba, shule zikishafungwa. Baridi ipo, nunua makoti, lakini upande wa Tokyo anga huwa safi, mlima Fuji unaonekana, na Kyoto bado ina majani mekundu ya mwisho mwisho. Kikwazo chake ni kwamba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mahekalu nayo hufunga kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Siku ni fupi, na hilo lazima liingie kwenye hesabu.

Kwa nini Tokyo kwanza na Kyoto baadaye

Hapa ndipo mipango mingi ninayoonyeshwa huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Kwetu sisi hesabu yake ni rahisi ajabu: namba inayoonekana kwenye saa ya Japani ndiyo saa tunayoitaja nyumbani. Saa ya hotelini ikionyesha 9 usiku, Tanga ni saa tisa alasiri, piga simu uwasalimie. Ikionyesha 7 asubuhi, Tanga ni saa saba usiku, waache walale. Zikiwa saa za stesheni zinazoandika 21, toa 12 kwanza.

Sasa fikiria mwili. Siku za mwanzo, saa mbili asubuhi ya Tokyo mwili wako unadhani ni saa nane usiku. Hauamki. Lakini saa nne usiku ya Tokyo mwili unadhani ni saa kumi alasiri, na macho yako makavu kabisa. Ukijiwekea mahekalu ya alfajiri siku hizo, unapigana na mwili wako, na mama mzee ataumia zaidi yako. Tokyo ni mji wa jioni na usiku: taa za Shibuya, maduka yasiyofungwa mapema, vibanda vya chakula. Kyoto ni mji wa alfajiri: uzuri wake wote uko kabla ya saa tatu asubuhi, mabasi ya wageni yakiwa hayajafika. Basi weka Tokyo mwanzo, mwili ukiwa bado uko nyumbani, na Kyoto baada ya wiki, mwili ukishakubali kuamka mapema. Miji ni ile ile na gharama ni ile ile. Kinachobadilika ni mpangilio tu.

Usiku 5 wa Tokyo, wa kwanza usiuhesabu. Ndege nyingi kutoka Ghuba hutua jioni, na uwanja wa ndege wa Narita uko karibu kilomita 60 kutoka katikati ya jiji. Mimi huchagua hoteli mtaa wa Ueno. Treni ya Skyliner kutoka Narita inaishia hapo hapo kwa muda wa kama dakika 45, bustani na makumbusho ya taifa viko upande wa pili wa stesheni, na mtaa wa soko wa Ameyoko una kebabu za halali. Zaidi ya hayo, treni nyingi za Kanazawa husimama Ueno, kwa hiyo siku ya kuondoka hutalazimika kuvuka jiji.

Siku ya kwanza kamili, acheni watu walale mpaka watakapoamka wenyewe. Mchana tembeeni bustani ya Ueno, jioni nendeni Asakusa. Hekalu la Senso-ji usiku linamulikwa taa, uwanja wake hauna lango la kufungwa, na umati wa mchana umeshaondoka. Siku nyingine nenda Yoyogi-Uehara ukauone msikiti wa Tokyo Camii. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000, limejengwa kwa mtindo wa Kituruki, na lina duka la vyakula vya halali. Kwa familia inayochunga chakula, mahali hapa pana thamani kubwa: nunua vya kubeba njiani, kwa sababu tambi za ramen na hata michuzi isiyoonekana kuwa na nyama huweza kuwa na nguruwe au pombe.

Halafu acha siku moja ya Tokyo wazi kabisa. Jioni ya kuamkia siku hiyo tazama utabiri wa hali ya hewa. Anga likiwa jeupe, panda basi la Shinjuku hadi Kawaguchiko, kama saa mbili, ukauone Fuji, mita 3,776, ziwa likiwa mbele yake. Kukiwa na mawingu, nenda Kamakura, kama saa moja kwa treni, ukamwone Buddha mkubwa wa shaba aliyekaa nje bila paa. Wote waliochoka, bakini Ueno. Anayeijaza siku ya Fuji miezi mitatu kabla anacheza bahati nasibu na mawingu.

Masanduku yasafiri peke yake

Hili ndilo linalobadilisha safari ya watu wazima na watoto. Japani kuna huduma ya kupeleka mizigo inayoitwa takkyubin, na hoteli karibu zote zinaipokea mapokezini. Jioni kabla ya kuondoka Tokyo unashusha masanduku, unajaziwa fomu: jina la hoteli ya Kyoto, namba yake ya simu, jina lililoweka nafasi, tarehe mtakayofika. Mhudumu anapima kila sanduku kwa utepe, anabandika karatasi, anakupa kipande chako. Gharama ni kama yen 2,000 hadi 3,000 kwa sanduku, kwa kadiri ya ukubwa. Kati ya Tokyo na Kyoto mizigo kwa kawaida hufika kesho yake, na hoteli inakuhifadhia.

Kwa hiyo nyie mnakwenda Kanazawa na begi dogo la mgongoni lenye nguo za siku mbili, huku masanduku yakiwatangulia Kyoto. Mama alipanda treni akiwa na mkoba wake na fimbo yake tu. Treni husimama stesheni za njiani dakika moja au mbili, na sakafuni pa jukwaa kuna alama za kuonyesha mlango wa behewa lako utasimama wapi. Simama hapo hapo. Kupandisha masanduku matatu, mtoto na mama mzee kwa dakika moja ni kazi ambayo hakuna haja ya kuifanya. Isitoshe, kwenye njia ya Tokyo, Kyoto na Hiroshima, sanduku ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu kilichowekewa nafasi.

Kuhusu nauli, msikimbilie ile pasi ya reli ya wageni. Oktoba 2023 pasi ya siku saba ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Njia hii ninayoieleza, ukinunua tiketi moja moja, haifiki hapo, na imetandazwa zaidi ya siku saba. Nunua tiketi kwa kila safari. Kwa mabasi na treni za mjini, kadi moja ya Suica inatosha Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima, unaijaza pesa na kuigusisha getini. Pesa taslimu utazipata kwenye mashine zilizomo ndani ya maduka ya 7-Eleven, ambazo hupokea kadi za benki za nje.

Kanazawa, mahali pa kupumua

Wengi huuruka mji huu. Mimi siuondoi ila likizo ikiwa fupi kweli. Uko saa mbili na nusu kutoka Tokyo kwa Shinkansen, yaani treni ya kasi, ya njia ya Hokuriku iliyofika hapo mwaka 2015, ni mdogo, na vitu vyake vikubwa viko karibu karibu: bustani ya Kenroku-en, ngome mkabala wake, mtaa wa zamani wa Higashi Chaya, soko la samaki la Omicho. Kuanzia Novemba wakulima wa bustani hufunga kamba kwenye misonobari ili theluji nzito isivunje matawi: nguzo ndefu inasimamishwa katikati ya mti, na kutoka kileleni makumi ya kamba yanashuka pande zote, kila moja imeshika tawi lake. Binti yangu alizunguka mti mmoja akijaribu kuzihesabu, akachanganyikiwa, akaanza upya. Sikuwa na la kumharakishia. Ndiyo faida ya mji wenye mambo machache baada ya jiji la Tokyo. Beba mwavuli, pwani ile ina mvua nyingi Desemba.

Kutoka hapo hadi Kyoto mnabadili treni Tsuruga, jumla kama saa mbili na kidogo. Masanduku mtayakuta yamefika.

Kyoto: gawa mji kwa pande

Kosa kubwa la Kyoto ni kuvuka mji huku na huku kwa basi. Mabasi yake hujaa mpaka mlangoni. Chukua ramani, gawa pande, kila siku upande mmoja. Lala karibu na stesheni kuu au kando ya njia ya metro ya Karasuma.

Siku ya mashariki: hekalu la Kiyomizu-dera hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fikeni mapema, halafu mteremke kwa miguu vichochoro vya Sannenzaka na Ninenzaka mpaka Gion. Yote ni mteremko, na magoti yatashukuru. Saa sita mchana mmemaliza. Rudini mkalale.

Siku ya kusini: hekalu la Fushimi Inari, ambako ni stesheni ya pili tu kutoka Kyoto kwa treni ya Nara. Hapana kiingilio na hapafungwi. Maelfu ya milango myekundu imepangwa kupanda mlima wa mita 233, na hakuna sheria inayokutaka ufike kileleni. Mama alipanda mpaka pale njia ya milango midogo inapogawanyika mara mbili, akakaa kwenye ukingo wa jiwe kando ya sanamu za mbweha. Mmoja wao alikuwa na kitu mdomoni.

“Mwanangu, huyu kauma nini?”

“Ufunguo, mama. Wanasema wa ghala la mpunga.”

“Basi mwacheni alinde. Na mimi nalinda mikoba. Nyie pandeni.”

Tukapanda na binti mpaka kwenye kituo cha katikati penye mandhari ya mji, tukarudi, tukamkuta ameshazoeana na bibi mmoja wa Kijapani bila lugha yoyote. Panga hivi tangu mwanzo: katika kila kivutio chenye ngazi, tafuta kwanza mahali pa kukaa atakayechoka, halafu ndipo utafute kilele.

Nara iko mbele kwenye njia hiyo hiyo ya reli, kama dakika 45 kutoka Kyoto kwa treni ya haraka. Nenda urudi siku hiyo hiyo. Swala zaidi ya elfu moja wanatembea huru, na Buddha wa hekalu la Todai-ji ana kimo cha kama mita 15. Biskuti za swala zikiisha mkononi, onyesha viganja vitupu, vinginevyo watakufuata na kuuma koti.

Siku ya nne ya Kyoto usiipangie kitu. Fueni nguo, hoteli nyingi zina mashine za sarafu. Anayetaka kwenda Arashiyama kwenye mianzi aende, anayetaka kulala alale.

Hiroshima si ya kupitia tu

Inawezekana kwenda Hiroshima asubuhi na kurudi Kyoto jioni, Shinkansen hutumia chini ya saa mbili. Sipendi. Kwenye makumbusho ya amani utaona nguo za watoto wa shule waliokuwa barabarani asubuhi ya 6 Agosti 1945, bomu lilipolipuka saa mbili na robo. Ukitoka hapo huwezi kukimbilia treni wala chakula cha kufurahisha. Nje kuna mnara wa watoto uliojengwa kwa kumbukumbu ya Sadako Sasaki, aliyefariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12 kwa ugonjwa wa damu uliotokana na mionzi, na umezungukwa na korongo wa karatasi waliokunjwa na wanafunzi wa nchi mbalimbali. Mweleze mtoto kabla ya kuingia, na mwache atoke mapema akitaka. Jioni hiyo iwe tupu.

Kesho yake ni kisiwa cha Miyajima: treni hadi Miyajimaguchi, kisha feri ya dakika kumi. Lango jekundu lililosimama baharini, kimo chake kama mita 16, ni la mwaka 1875. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hapa. Tafuta jedwali la maji, upange kuwepo maji yakijaa, lango lielee, na uendelee kuwepo yakipwa, uende kwa miguu mpaka kwenye nguzo zake. Siku za bamvua tofauti hiyo ni kubwa sana. Hii ndiyo sababu ya usiku wa pili: kwa siku ya kukimbia utaona hali moja tu.

Osaka ya mwisho, na ukiwa na siku chache

Osaka naipa usiku mmoja, ingawa wapenzi wake watanikasirikia. Iko nusu saa kutoka Kyoto, na siku mkiwa Kyoto mnaweza kwenda kula kwenye mtaa wa Dotonbori na kurudi. Kazi ya usiku wa mwisho ni kuwa karibu na ndege. Lala mtaa wa Namba, kwa sababu treni ya Nankai inakwenda Kansai moja kwa moja kutoka hapo. Ndege za Ghuba mara nyingi huondoka usiku, kwa hiyo una siku nzima: acha masanduku hotelini, nunua zawadi, kula.

Ukiwa na usiku 10 tu, usijaribu kuipunguza kila sehemu kidogo kidogo. Ondoa miji mizima: Tokyo 4, Kyoto 5, Osaka 1. Hapo utapita njia ya Shinkansen ya Tokaido, kama kilomita 480 hadi Kyoto kwa saa mbili na robo, na ukikaa kiti E utamwona Fuji kulia kwako baada ya kama dakika 40, anga likiruhusu. Sapporo na Hokkaido yote iachie safari nyingine. Shinkansen haijafika Sapporo, na kwenda na kurudi kwa ndege kutakumega siku moja nzima.

Kitu kidogo cha mwisho kabla ya kufunga begi: plagi za Japani ni za pini mbili bapa, umeme ni volti 100. Chaja za simu zitafanya kazi ukipata adapta. Pasi ya nguo na kikaushia nywele viacheni nyumbani.